Zakayo Hakuwa Akicheza

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Evarista alikuwa amemaliza vyoo vya wanawake na sasa anapiga deki upande wa wanaume, pale Kituo cha Wageni cha Uwanja wa Kriketi wa Jubilii. Alianzia ndani kabisa, akawa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili asikanyage alipokwisha kupasafisha. Alipofika kizingitini, mgongo wake ukamgusa mtu.

Aligeuka. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka kama ishirini na minne, pekupeku, kifua wazi, kaptula ya kaki iliyopauka. Begani alikuwa na alama nyekundu ya kamba, mbichi kama ya jana. Alikuwa amesimama amebana magoti, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine, mikono ameikunjia tumboni.

"Choo hiki," aliuliza, "mtu anaruhusiwa?"

Evarista alimtambua. Alikuwa akimfuta vumbi kila siku kwa miaka miwili, kwa kitambaa kikavu, kwenye picha ya kumi na saba ya chumba cha historia. Wa tatu kutoka kushoto, mstari wa nyuma. Kwa sura angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, lakini picha ilipigwa mwaka 1934 na Evarista alizaliwa mwaka 1972, kwa hiyo akamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtu anaruhusiwa?"

Tangazo lilikuwa ukutani, limewekewa plastiki lisilowe. Lilisema vyoo hivi ni kwa ajili ya wanachama na wageni wenye tiketi, na kwamba wafanyakazi watumie huduma zilizopo nje ya uwanja. Vyoo vilikuwa vinane, vya kukaa, vyenye marumaru mpaka darini na sabuni yenye harufu ya mchaichai. Evarista hakuwahi kukaa hata kwenye kimoja. Akibanwa alikuwa anatoka geti dogo, anavuka barabara, anajipenyeza kati ya mikokoteni na wauza soksi hadi kwa rafiki yake Hajira, aliyekuwa akiuza vitenge vya jumla na alikuwa na choo cha shimo nyuma ya marobota yake. Kwenda na kurudi ni dakika ishirini, na dakika hizo zilitolewa kwenye muda wake wa kula. Siku nyingine alikuwa anaacha kunywa maji tangu alfajiri ili mambo yaishe.

Aliyatazama yale magoti yaliyobanana.

"Ingia, babu," alisema. "Kile cha mwisho. Maji yanatoka."

Kijana akapita kwa hatua fupifupi, akafunga mlango, na Evarista akasikia anaanza. Akachukua ndoo yake akaenda kuangalia picha.

Chumba cha historia kilikuwa na picha arobaini na tatu, bati la zamani la kuandikia matokeo, na kiti ambacho gavana mmoja alikikalia. Picha ya kumi na saba ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mbele walikaa wachezaji kumi na mmoja wenye nguo nyeupe, na mbwa. Nyuma yao lilikuwa rola, jiwe la duara lenye urefu wa mtu, ambalo lilivutwa juu ya nyasi kuzilaza kabla ya mchezo. Jumatatu jioni Evarista alipozima taa, walikuwa wamesimama hapo wanaume sita na kamba mabegani. Sasa kamba ilikuwa chini, kwenye nyasi, na hapakuwa na mtu.

Watano waliobaki aliwakuta nje, wameegemea ukuta upande wa jua. Upande wa kivuli palikuwa na mabenchi.

"Kaeni pale, babu zangu," aliwaambia.

"Pale tuna ruhusa?" aliuliza mmoja wao, mwenye mvi kidogo kwenye masharubu. Jina lake lilikuwa Pantaleo, na ndiye aliyekuwa msemaji wao. "Tutangoja hapahapa. Tumemsindikiza mwenzetu tu. Akimaliza tunarudi."

Saa tatu wageni wa kwanza waliingia, watalii wanane na mwalimu mmoja wa Ilala. Aliyewatembeza alikuwa Rogath, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na maelezo aliyoyakariri neno kwa neno. Aliwaambia kwamba uwanja ulianzishwa mwaka 1930 kwenye ardhi iliyokuwa tupu. Ardhi hiyo ilikuwa na nyumba mia na kumi za wapagazi waliorudi hai kutoka vita ya kwanza, na walipewa siku saba kuhama, lakini karatasi ya Rogath ilisema tupu. Aliwaonyesha jukwaa la wanachama, mgahawa, duka la kofia na njia ya viti vya magurudumu. Halafu akawafikisha kwenye picha ya kumi na saba.

Hapo kwa kawaida alikuwa anachangamka zaidi. Chini ya picha palikuwa na kibati cha shaba kilichoandikwa: *Furaha ya mchezo. Hata vibarua walicheza.* Rogath angemnyooshea kidole yule wa tatu, mwenye miguu iliyopishana, na kusema, "Mnamwona huyu? Anacheza ngoma! Hakuna picha nyingine yenye furaha kama hii Afrika Mashariki." Wageni wangecheka, na mara nyingi mmoja angepishanisha miguu vilevile apigwe picha.

Leo aliruka sentensi mbili, akaendelea na picha ya kumi na nane.

Saa tano kasoro, meneja wa kituo, Madam Severa, aliambiwa kwamba choo kimoja cha wanaume kimefungwa tangu asubuhi. Alikuja mwenyewe, viatu vyake vikilia kwenye marumaru, akasimama nje ya mlango wa mwisho. Sauti ya ndani haikuwa imepungua. Ilikuwa kama mvua juu ya bati.

"Nani yumo?"

"Yule wa picha ya kumi na saba," Evarista alisema. "Wa tatu."

"Ana tiketi?"

"Hana, Madam."

Madam Severa alitazama saa yake. "Mama Eva, Jumamosi tunatimiza miaka tisini na tano. Bodi nzima inakuja, mabalozi wanakuja. Wewe unamwingiza mtu asiye na tiketi, wiki hii?"

"Alikuwa amebanwa."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipopigwa picha."

Madam Severa akagonga mlango mara mbili, kwa adabu. "Baba, utachukua muda gani?"

"Sijui, mama," sauti ilijibu. "Ndiyo kwanza naanza kusikia nafuu."

Mchana Evarista hakwenda kula. Alikaa chini pamoja na wale watano, juani, akawagawia maji ya chupa. Watano hao walikunywa funda mojamoja na kumrudishia chupa. Walikuwa na mazoea ya kunywa hivyo. Pantaleo ndiye aliyesimulia, bila kuinua sauti.

Alisema yule aliyemo ndani anaitwa Zakayo Nampunju, mtu wa Newala. Alisema mwaka ule ilikuja timu kutoka Nairobi, mechi ya siku tatu. Daktari wa klabu alikuwa ametoa amri kwamba mkojo wa vibarua unaunguza nyasi, hivyo ndani ya uzio hakuna kibarua kujisaidia tangu alfajiri hadi mchezo uishe. Choo chao kilikuwa mbali, upande wa reli. Anayeiacha kamba bila ruhusa anachapwa. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mvua ilinyesha, nyasi zikalowa, wakavuta jiwe tangu kabla ya jogoo. Jua likatoka kali. Zakayo alikunywa maji mengi kwa sababu ndiye aliyekuwa mgeni kazini, hakuna aliyekuwa amemfundisha kunywa kidogo.

"Akaomba ruhusa. Akaambiwa baadaye. Akaja mpiga picha na sanduku lake na kitambaa cheusi, akatupanga nyuma ya mabwana. Zakayo akaomba tena. Yule bwana nahodha akamjibu kwa Kiswahili chake, akasema, nyote msicheze, yaani tusitikisike. Mtu yeyote asicheze mpaka nimwambie. Mpiga picha alichukua muda. Mbwa hakutulia, ikabidi waanze upya mara nne. Zakayo hakucheza. Alibana miguu hivi akasimama. Unaona mwenyewe kwenye picha, hata kidole hakijatikisika."

"Halafu?"

"Saa tisa akaanguka palepale kwenye kamba. Kibofu kilipasuka. Tulimtoa kwa mkokoteni, na jioni akafa. Mechi iliendelea, maana hakuangukia kwenye pichi, ule ukanda wa katikati wanapochezea, aliangukia pembeni."

Evarista akaifunga chupa. Alikuwa akimsikia Rogath kwenye dirisha la juu, akiliambia kundi la pili kuhusu kiti cha gavana. 

"Miaka miwili nimemfuta vumbi usoni," alisema. "Na mimi nilikuwa nacheka. Kijana anapowaambia anacheza ngoma, na mimi nacheka na wageni."

"Hukujua, mwanangu."

"Miguu ile nilikuwa naiona. Mimi mwenyewe nasimama hivyohivyo pale geti dogo nikingoja magari yapite. Nilitakiwa kujua."

Zakayo alikojoa Jumanne yote na usiku wake, na Jumatano yote. Mlinzi aliacha taa moja ikiwaka. Mfereji wa mtaa wa nyuma ulijaa, wauza viatu wakasogeza meza zao hatua mbili na kuendelea kuuza. Hajira alikuja hadi getini na chapati zilizofungwa kwenye karatasi.

"Nimesikia yupo mtu wenu anajisaidia tangu jana," alisema.

"Yupo."

"Maskini. Mpe hizi akitoka." Kisha akaongeza, "Na wewe bado unakuja kwangu?"

"Bado nakuja kwako."

Hajira alilitazama jengo, lilivyopakwa rangi ya maziwa, akatema mate kwenye vumbi na kurudi dukani.

Alhamisi saa kumi alasiri sauti ilipungua, ikawa matone, ikakoma. Mlango ukafunguliwa. Zakayo alitoka akitembea wima kwa miguu iliyoachana, na Evarista aliona kwamba alikuwa mrefu kuliko alivyodhani. Alinawa mikono kwa ile sabuni ya mchaichai, akainusa, akanawa tena.

"Asante, mwanangu."

"Usinishukuru, babu. Ni choo tu."

"Ndiyo. Ni choo tu." Alijifuta mikono kwenye kaptula. "Kile kibati cha chini ya picha. Mimi sijui kusoma, lakini nimekisikia kikisomwa kila siku. Waambie waandike vingine. Waandike kwamba nilikuwa najizuia. Sikuwa nacheza. Niliambiwa nisicheze, na sikucheza."

"Na jina?"

"Jina na hilo. Mengine sina."

Aliagana na wenzake mmojammoja kwa kushikana mikono miwili. Walidhani atarudi nao kwenye picha, lakini alisema yeye kilichokuwa kinamweka pale kimekwisha, anaenda kwao. Akachukua chapati za Hajira. Evarista alimsindikiza hadi getini, akamwonyesha ilipo Barabara ya Kilwa siku hizi, na Zakayo akaenda zake katikati ya watu waliobeba mabegi ya nailoni, bila haraka, akisimama mara kwa mara kuangalia bidhaa. Alipofika mbele ya msikiti alikata kona.

Jioni ileile Evarista aliandika barua kwenye karatasi ya daftari. Aliandika jina, mahali alipotoka, kilichotokea, na maneno ya Zakayo kama alivyoyasema. Madam Severa aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Hii nitaifikisha," alisema. "Siwezi kukuahidi."

"Ni mistari miwili tu, Madam. Wabadilishe kibati."

"Najua ni mistari miwili."

Jibu la Kamati ya Maadhimisho lilikuja Ijumaa saa nne, likiwa na muhuri. Kamati ilisema, kwanza, kumbukumbu za klabu hazionyeshi mtumishi yeyote aliyewahi kujizuia. Pili, maelezo ya marehemu hayawezi kupokelewa kama chanzo cha historia, kwa kuwa marehemu ana maslahi binafsi katika jambo lenyewe. Tatu, kwa kuwa vibarua wameondoka kwenye picha kwa hiari yao, kamati imeagiza picha isafishwe na kuchapishwa upya bila wao, na kwa hali hiyo suala la kibati limejimaliza lenyewe.

Picha mpya ilifika mchana. Ilikuwa imekolezwa. Nyasi zilionekana vizuri zaidi, rola lilionekana lote, na kamba ilikuwa imefutwa. Kibati kipya kilisema: *Furaha ya mchezo.*

Pantaleo na wenzake walipokwenda kurudi mahali pao, hawakupaona. Walisimama mbele ya kioo kwa muda, halafu wakarudi ukutani, upande wa jua.

Evarista hakulala vizuri huko Magomeni. Mabinti wawili wa marehemu dada yake, aliokuwa akiwalea, walimsikia akiongea peke yake na sufuria. Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani chini ya koti la kazi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Palikuwa na mahema, bendera ndogondogo, na mechi ya wazee wa klabu dhidi ya wageni. Kuanzia saa nne watu walikunywa juisi ya ukwaju, chai, soda, na maji ya madafu, kwa maana joto lilikuwa la mwezi wa pili. Saa sita kamili hotuba zilipoanza, Evarista alitoa watu wote vyooni, akafunga mlango mkubwa wa pande zote mbili kwa kufuli la nje, akatia ufunguo kifuani, akaketi mlangoni.

Saa sita na dakika nane alikuja wa kwanza. Saa sita na robo foleni ilikuwa imefika kwenye duka la kofia. Mwenyekiti wa bodi, mzee mnene mwenye tai ya klabu, alipewa nafasi ya mbele.

"Mama, fungua."

"Nitafungua, mzee. Andikeni kwanza."

"Tuandike nini?"

"Zakayo Nampunju, mtu wa Newala. Alikuwa anajizuia, hakuwa akicheza. Alikufa jioni ile. Basi."

"Hilo ni suala la kamati."

"Kamati si mko hapa wote?"

Walikuwepo wote saba, mmoja nyuma ya mwingine. Yule wa tatu alikuwa ameanza kupishanisha miguu. Hakuna aliyekataa. Mmoja alisema jambo hilo ni la msingi na linastahili kuwekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho. Mwingine aliuliza kama ipo picha ya kitambulisho. Mwenyekiti alisema yeye binafsi ana huruma sana na watu wa chini, baba yake mwenyewe alikuwa mpishi, lakini historia haiandikwi mlangoni pa choo.

"Iliandikwa wapi hiyo ya kwanza?" Evarista aliuliza. Sauti yake ilipanda, na hakuishusha. "Nani alimwuliza? Mmemcheka miaka tisini na moja! Mmeuza tiketi watu waje wamcheke! Mtu anakufa mnasema anacheza, halafu anakuja mwenyewe na miguu yake anawaambia, mnamfuta kabisa! Mistari miwili! Shaba yenyewe si imeletwa jana tu hapo Kariakoo, kuna fundi kila kona, angeichonga mkiwa mnakunywa soda!"

Madam Severa alijipenyeza hadi mbele, akainama karibu na sikio lake. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya poda.

"Mama Eva, mimi mwenyewe nimebanwa tangu asubuhi."

"Pole, Madam," Evarista alisema, na alimaanisha. "Yeye alikuwa amebanwa tangu alfajiri."

Ilikuwa kweli kwamba kuna fundi kila kona. Fundi wa kufuli aliitwa kwa simu akatokea mtaa wa pili na begi lake, akamwomba Evarista radhi, akamwamkia, akafungua kwa sekunde chache. Tangu kufungwa mpaka kufunguliwa zilipita dakika ishirini na sita. Watu waliingia kwa utaratibu, wanachama kwanza. Hakuna aliyeanguka. Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba sherehe zilifana.

Evarista alisubiri afukuzwe. Lakini barua ya kumfukuza ingebidi itaje sababu, na sababu ilikuwa na jina la Zakayo Nampunju ndani yake, na bodi haikutaka jina hilo liwemo kwenye faili lolote. Kwa hiyo waliendelea kulifikiria suala lake.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo la wale watano. Bodi iliona haipendezi wakae ukutani bila shughuli, wageni wanauliza. Hawakuwa na njaa, hawakuwa na kitambulisho, na rola la injini lilikuwa gereji tangu Desemba. Wakapewa vizibao vya kijani vinavyong'aa, vilivyoandikwa KUJITOLEA mgongoni, na likatolewa lile jiwe la zamani lililokuwa pambo karibu na maegesho. Rogath aliongezewa aya moja kwenye karatasi yake: kwamba klabu inajivunia vijana wake wa kujitolea, na wageni wanaruhusiwa kupiga nao picha.

Tatizo lilikuwa kamba. Kamba ya rola ina nafasi sita, tatu kila upande, na ya Zakayo ilikuwa wazi. Wakivuta, jiwe linakwenda kombo kulia na kuacha mkunjo kwenye nyasi, inabidi warudi mwanzo. Kazi ya saa moja wakawa wanaifanya kwa saa tano. Evarista aliwaona kupitia dirisha la choo akisugua vioo. Alimwona Pantaleo akipiga goti, akiinuka, akigeuza jiwe, akianza tena.

Jumatano Madam Severa alimwita. Barua ilikuwa mezani, na Madam hakuisukuma mbele kama alivyozoea kusukuma barua.

"Wamekuhamishia kitengo cha uwanja," alisema. "Choo watatafuta mtu mwingine. Pale kwenye kamba pana nafasi moja."

"Mimi nina miaka hamsini na tatu, Madam."

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walisema wengine pale ni wazee zaidi."

Evarista aliitazama ile barua. Ilikuwa fupi, na ilikuwa na muhuri uleule. Alifikiria kuichana. Alifikiria wale mabinti wawili na sare zao za shule, alizozifua jana zikawa bado hazijakauka. Zaidi ya yote alimfikiria Pantaleo akipiga goti.

"Na kule kitengo cha uwanja," aliuliza, "mtu akibanwa?"

Madam Severa aligeuka akatazama dirishani. "Utaratibu haujabadilika," alisema.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Evarista alifika akiwa amevaa kizibao cha kijani kilichomzidi ukubwa. Wale watano walikuwa wamekwishajipanga. Hakuna aliyemwuliza kitu. Pantaleo alilikagua bega lake, akamvua kanga aliyojifunga kichwani, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya kamba, upande wa shingo, mahali panapochunika kwanza.

"Usivute kwa mikono," alimwambia. "Inama, acha mwili uende. Na hasira usiipoteze kwenye kusema, itie huku mbele, inasaidia. Sisi wote tunafanya hivyo."

"Babu, hasira ninayo ya kutosha."

"Basi vizuri. Nikihesabu tatu."

Akahesabu. Evarista aliinama, kamba ikamwingia begani, na kwa muda jiwe halikwenda popote. Kisha likatikisika, likaanza kubingirika, zito, likilia kwenye nyasi zenye umande. Hasira yake ilikuwa na uzito wa mtu mmoja mzima. Walifika mwisho wa pichi, wakageuka, wakarudi, na Rogath, aliyekuwa amewahi kuja kufungua geti la wageni, alisimama kuangalia. Jiwe lilikuwa linakwenda sawasawa.